Vena zilizovimba miguuni: tiba ipi, kwa mguu upi

Swali la kwanza huwa ni kama kuna dawa ya kupaka. Hakuna. Vena ya mguuni ikishatanuka na kujipindapinda chini ya ngozi, hakuna jeli, mafuta, kidonge wala mzizi unaoirudisha ilivyokuwa. Zipo dawa zinazopunguza uzito wa miguu na maumivu ya jioni, nami nitazigusa, lakini mishipa yenyewe itabaki palepale.

Mkanganyiko wa pili huanzia hapo. Mtu atasikia habari za soksi za kubana, sindano ya povu, leza, mawimbi ya redio, gundi na kisu. Kila kliniki inasifia chombo ilichonacho, na bei zinapishana kiasi kwamba mgonjwa anahisi anafanyiwa ulaghai. Mara nyingi hakuna ulaghai wowote. Tatizo ni kwamba anatakiwa achague chombo kabla hajaambiwa ni vena ipi inayovuja na inavujia wapi. Jibu la maswali hayo mawili likipatikana, orodha ndefu ya tiba hupungua yenyewe, wakati mwingine ikabaki moja tu, na wakati mwingine isibaki hata moja kwa sababu mguu hauhitaji tiba.

Damu inavyopanda

Moyo unasukuma damu hadi unyayoni, lakini kuirudisha juu ni kazi ya misuli ya kigimbi. Kwa kila hatua, misuli hiyo hukaza na kubana vena zilizomo ndani yake, damu inapanda, na vali zilizomo ndani ya vena, yaani vijilango vya utando mwembamba, hujifunga ili isirudi chini. Mtu akisimama tuli, shinikizo la damu katika vena za kifundo cha mguu hufika karibu milimita 90 za zebaki. Akianza kutembea hushuka hadi chini ya 30. Ndiyo maana mwalimu, msusi, mlinzi wa getini na mama lishe hulalamikia miguu kuliko mchuuzi anayezunguka mtaani kutwa nzima.

Vena za mguu ziko katika tabaka mbili. Za ndani zimezungukwa na misuli, na hizo ndizo zinazobeba karibu asilimia 90 ya damu inayorudi. Za juu hukaa kati ya ngozi na misuli, hubeba kiasi kidogo kilichobaki, kisha humwaga damu yao katika zile za ndani. Kati ya hizi za juu, mbili ndizo zinazotajwa katika kila ripoti ya daktari: safena kubwa, inayoanzia kifundoni upande wa ndani na kupanda hadi kinenani, na safena ndogo, inayopita nyuma ya kigimbi na kwa watu wengi kuishia nyuma ya goti.

Vali za safena zikilegea, damu iliyopandishwa hurudi chini. Shinikizo la kifundoni sasa halishuki vya kutosha hata mtu akitembea, na matawi ya safena, ambayo kuta zake ni nyembamba, hutanuka na kujitokeza. Kwa hiyo fundo linaloonekana kwenye kigimbi mara nyingi limeanzia kinenani, mahali ambapo jicho halioni chochote.

Kuhusu sababu, sina mengi ya kusema. Kurithi kuna uzito mkubwa. Ujauzito nao unachangia, kwa kuwa homoni ya projesteroni hulegeza kuta za vena, damu mwilini huongezeka na mfuko wa uzazi hukandamiza vena za nyonga, na kila mimba huongeza uwezekano. Kuna umri, unene, kazi za kusimama, na historia ya damu kuganda katika vena za ndani. Kukunja nne, ambako wengi hukulaumu, hakujathibitishwa kuwa sababu.

Kipimo kwanza

Altrasaundi ya Doppler ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata. Mgonjwa anasimama, uzito ukiwa kwenye mguu mwingine. Mpimaji anaweka kifaa pajani, anakibana kigimbi kwa mkono ili damu ipande, kisha anakiachia na kutazama. Damu ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde katika safena, vali zimeharibika. Anashuka sehemu kwa sehemu hadi apate mahali uvujaji unapoanzia na unapoishia.

Kipimo hiki hakiumi, hakina mionzi, na mashine zinazoweza kukifanya zipo katika hospitali nyingi za mikoa. Kinachokosekana mara nyingi ni mkono uliozoea kazi hiyo, kwa sababu wapimaji wengi siku zao huisha kwa kupima wajawazito na matumbo. Ripoti nzuri huwa inaonekana. Itataja kila vena kwa jina, mahali uvujaji unapoanzia, upana wa vena kwa milimita, na hali ya vena za ndani. Ripoti inayosema tu kwamba “mishipa imevimba” haijaongeza kitu juu ya kile ambacho mgonjwa mwenyewe alikuwa anakiona, na mimi nisingekubali kufungwa vena kwa ripoti ya namna hiyo. Kipimo kilichofanywa mgonjwa akiwa amelala chali pia kinaweza kukosa uvujaji uliopo, kwa kuwa uzito wa damu haupo.

Sehemu ya ripoti ambayo watu huiruka ndiyo yenye hatari zaidi, ile ya vena za ndani. Ikiwa zimeziba kwa donge la zamani, vena za juu zilizotanuka huenda ndizo zinazobeba damu iliyokosa njia. Kuzifunga hizo ni kuufungia mguu damu. Ndiyo sababu daktari makini atamuuliza mgonjwa kama aliwahi kuvimba mguu mmoja ghafla, kama aliwahi kulazwa muda mrefu, au kama mguu ulianza kubadilika baada ya kujifungua.

Baada ya kipimo, mguu hupewa daraja. Madaktari wa mishipa hutumia mfumo uitwao CEAP, ulioasisiwa mwaka 1994 na kurekebishwa mara ya mwisho mwaka 2020. Herufi C ndiyo inayomhusu mgonjwa moja kwa moja. C1 ni vijimishipa vyembamba kama nyuzi. C2 ni vena zilizotanuka kufikia milimita 3 au zaidi. C3 ni mguu unaovimba. C4 ni ngozi iliyobadilika, ikawa nyeusi, yenye ukurutu au ngumu. C5 ni kidonda kilichopona, na C6 ni kidonda kilicho wazi. Kwa ngozi zetu C4 hupita bila kuonekana, kwa sababu weusi juu ya weusi haushtui mtu. Ni vizuri kuipapasa ngozi ya juu ya kifundo upande wa ndani na kuilinganisha na ya mguu mwingine. Ikiwa imekaza, inang’aa na inawasha, ugonjwa umeshapita hatua ya urembo.

Mtu wa C1, au wa C2 asiyehisi chochote, hahitaji tiba isipokuwa anaitaka kwa ajili ya mwonekano, na hilo ni jambo lake na mfuko wake. Si kila mwenye vena zilizovimba huishia kwenye kidonda, na wengi huzeeka nazo bila madhara. Anayeumwa, anayevimba au aliyewahi kutokwa damu ana sababu ya kutibiwa. Kuanzia C4 kwenda juu, kungoja kuna gharama.

Soksi, vidonge, na vinachoweza

Soksi za kubana hukaza zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda. Zinazotumika sana kwa tatizo hili hubana kwa milimita 20 hadi 30 za zebaki kifundoni. Hupunguza uvimbe, uzito na maumivu kwa muda zinapokuwa zimevaliwa. Zikivuliwa, kazi imekwisha. Haziponyi vali, na hakuna ushahidi wa kutosha kwamba zinazuia vena mpya kutanuka. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2013 unakwenda mbali zaidi: unawaambia madaktari wasimpe mgonjwa soksi peke yake kama tiba, isipokuwa tiba nyingine hazimfai. Kwa mjamzito, ambaye vena zake hazifungwi mpaka ajifungue, soksi zina nafasi yake hasa.

Kwetu hali ni tofauti. Kwa wengi soksi ndiyo tiba ya kwanza na ya mwisho, na joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari halimsaidii mtu kuzivaa. Anayeamua kuzitumia azivae asubuhi kabla ya kushuka kitandani, wakati mguu haujavimba, na azivue usiku. Azinunue kwa vipimo vya kifundo na kigimbi, si kwa namba ya kiatu. Baada ya takriban miezi sita ya kuvaliwa kila siku, mpira wake huwa umechoka. Soksi ya dukani iliyoandikwa tu kwamba ni ya kubana, bila kiwango cha shinikizo, ni soksi ya kawaida yenye bei kubwa.

Kuna kundi moja ambalo soksi zinaweza kulidhuru, nalo ni wale ambao ateri za miguu, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, zimeziba. Wavuta sigara wa miaka mingi na wenye kisukari wamo humo. Mguu wao haupati damu ya kutosha, na kuubana ni kuinyima ngozi kile kidogo kinachofika. Kabla ya soksi au bendeji ya kukaza, shinikizo la damu la kifundoni hulinganishwa na la mkononi. Uwiano ukiwa chini ya 0.8 tahadhari inahitajika, na ukiwa chini ya 0.5 kubana ni marufuku. Kwa mwenye kisukari hata namba nzuri inaweza kudanganya, kwa kuwa ateri zilizokakamaa hazibaniki na huonyesha shinikizo kubwa lisilokuwepo.

Vidonge vinavyouzwa zaidi vina diosmini na hesperidini. Vinaweza kupunguza uzito na uvimbe kwa baadhi ya watu. Dondoo la mbegu za chestinati farasi, mti wa Ulaya, nalo limeonyesha nafuu ya muda mfupi katika majaribio. Hakuna kati ya hivi kinachofunga vena inayovuja, na mtu anayevinunua kwa mwaka mzima afanye hesabu ya fedha hizo.

Kufunga vena kwa joto

Wazo la tiba zote zinazofuata ni lilelile: safena inayovuja iondolewe katika mzunguko. Wagonjwa hushtuka, wakiuliza damu itapita wapi. Itapita katika vena za ndani, ambazo tangu mwanzo ndizo zilizokuwa zikibeba karibu yote. Safena iliyoharibika ilikuwa inarudisha chini damu iliyokwisha kupandishwa, na ikifungwa mguu unapata nafuu.

Njia ya mawimbi ya redio na ya leza zinafanana sana. Mgonjwa yuko macho. Sindano inaingizwa katika safena karibu na goti huku altrasaundi ikiongoza, katheta, yaani mrija mwembamba, inapandishwa hadi karibu sentimita 2 chini ya makutano ya kinenani, kisha dawa ya ganzi iliyochanganywa na maji mengi ya chumvi inadungwa kuizunguka vena kwa urefu wake wote. Hatua hiyo ya ganzi ndiyo ambayo wagonjwa huikumbuka, kwa sababu ni sindano nyingi. Maji hayo yanafanya kazi tatu: yanaua maumivu, yanaibana vena igusane na katheta, na yanaikinga ngozi na neva dhidi ya joto. Katheta ya mawimbi ya redio hupasha moto wa nyuzi 120 za Selsiasi kwa sekunde 20, kipande baada ya kipande, huku ikivutwa chini. Leza hufanya hivyo kwa mwanga. Ukuta wa vena unaungua, unasinyaa na kujifunga, na baada ya miezi kadhaa mwili huigeuza kuwa kovu jembamba.

Mgonjwa anatoka akitembea kwa miguu yake, na anasisitiziwa atembee. Zaidi ya vena 90 katika kila 100 hubaki zimefungwa baada ya mwaka. Kasoro zake ni michubuko, hisia ya kamba iliyokaza pajani kwa wiki moja au mbili, ganzi ya sehemu ndogo ya ngozi ikiwa neva imeguswa, na kwa wachache donge la damu linalosogea kuelekea vena ya ndani. Kuhusu ipi ni bora kati ya leza na mawimbi ya redio, nisingepoteza usingizi. Leza za kwanza ziliuma zaidi katika siku za baada ya tiba. Za kisasa zimekaribiana na mawimbi ya redio. Uzoefu wa mtendaji una uzito kuliko jina la mashine.

Katheta lakini inataka vena iliyonyooka. Safena iliyojipinda sana haipitishi, na matawi yaliyofungamana kigimbini hayapitishi kabisa. Haya hutolewa kwa matundu ya milimita 2 au 3 na kulabu ndogo, siku hiyohiyo au baadaye, au huchomwa sindano ya povu. Mgonjwa aulize mapema kama bei aliyotajiwa inajumuisha matawi. Wengi hudhani mafundo yatatoweka siku ileile, kumbe kilichofungwa ni safena peke yake.

Povu, gundi na kisu

Povu ni tiba yenye ujanja wa kupendeza. Dawa ya kimiminika, polidokanoli au sodiamu tetradesili salfeti, huchanganywa na hewa kwa kuirusha huku na huko kati ya mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa kwa kiungo cha plastiki, kiasi kimoja cha dawa kwa vinne vya hewa. Mbinu hiyo ilitangazwa mwaka 2000 na Mwitaliano Lorenzo Tessari, na vifaa vyake vinapatikana katika wodi yoyote. Povu likiingia ndani ya vena huisukuma damu pembeni badala ya kuchanganyika nayo, hugusa ukuta na kuuchubua, na vena inajikunja. Halihitaji ganzi ya urefu wote, wala chumba cha upasuaji. Linapita kwenye kona ambazo katheta haipiti. Kwa mzee mwenye kidonda au mtu aliyekwisha kufanyiwa upasuaji zamani na vena zikarudi, mara nyingi ndilo linalofaa.

Ubaya wake ni kwamba vena iliyofungwa kwa povu hufunguka tena kwa urahisi kuliko iliyofungwa kwa joto, hivyo mgonjwa ajiandae kurudi. Kwa ngozi nyeusi kuna jambo jingine: damu iliyonasa ndani ya vena huacha mstari mweusi au wa kahawia juu ya ngozi, ambao huchukua miezi kufifia na kwa baadhi hudumu zaidi ya mwaka. Anayetibiwa kwa ajili ya mwonekano aambiwe hilo kabla ya sindano ya kwanza. Leza ya kupiga juu ya ngozi, inayotangazwa kwa vijimishipa vya nyuzi, ina tatizo kubwa zaidi kwa weusi, kwa sababu rangi ya ngozi yenyewe hunyonya mwanga na inaweza kuungua. Baadhi ya watu huona vimulimuli machoni au kupata kipandauso kwa dakika chache baada ya povu, na mara chache sana kumekuwa na kiharusi kwa wenye tundu la kuzaliwa kati ya vyumba vya moyo. Aliyewahi kupata kiharusi au mwenye kipandauso kikali aseme mapema.

Gundi hii ni ya familia moja na ile gundi kali ya mafundi inayogandisha vidole. Katika tiba hutumika matone yake ndani ya safena, vena inabanwa kwa nje, kazi imekwisha. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mwaka 2015. Haihitaji ganzi nyingi wala joto, lakini gundi inabaki mwilini, baadhi ya watu hupata mwasho na wekundu juu ya njia ya vena, na bei yake inaifanya iwe mazungumzo ya wachache.

Kisu ndicho cha zamani. Mjerumani Friedrich Trendelenburg alikuwa akifunga safena kwa uzi mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1907 Mmarekani William Wayne Babcock alieleza waya wa kupitisha ndani ya vena na kuichomoa. Upasuaji wa leo ni mrithi wa hao wawili: mpasuko mdogo kinenani, safena inafungwa pale inapoungana na vena ya ndani, inachomolewa hadi karibu na goti, na matawi yanatolewa kwa kulabu. Haivutwi hadi kifundoni kwa sababu neva ya ngozi inaambatana nayo chini ya goti na ingejeruhiwa. Mgonjwa hupewa nusu kaputi au sindano ya ganzi ya mgongoni, hupata michubuko mingi zaidi, na hukaa nyumbani wiki moja hadi tatu.

Bei na mpangilio wake

Mwongozo wa NICE umepanga tiba hizi kwa ngazi: joto kwanza, likishindikana povu, likishindikana kisu. Ngazi hiyo hunakiliwa kwenye matangazo ya kliniki kila mahali kana kwamba ni sheria ya maumbile. Imejengwa juu ya matokeo ya tiba pamoja na gharama za Uingereza, ambako chumba cha upasuaji na siku za mfanyakazi kutokwenda kazini ni ghali, na katheta ya kutumia mara moja na kutupa ni sehemu ndogo ya jumla.

Afrika Mashariki hesabu inaweza kugeuka. Katheta au uzi wa leza huagizwa nje kwa fedha za kigeni na hutumika kwa mgonjwa mmoja. Waya wa kuchomolea vena hutakaswa vijidudu na kutumika tena, na daktari wa upasuaji tayari ni mwajiriwa. Povu gharama yake kubwa ni dawa na muda wa mpimaji. Kwa hiyo hospitali ya rufaa inayomshauri mgonjwa wake apasuliwe haijampa tiba ya kizamani kwa kumdharau.

Ushahidi unaunga mkono hilo. Jaribio la CLASS la Uingereza lililinganisha leza, povu na upasuaji kwa wagonjwa 798. Matokeo ya miaka mitano, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba maisha ya wagonjwa kuhusiana na ugonjwa huu yalikuwa mazuri zaidi kwa waliopata leza au upasuaji kuliko waliopata povu. Kati ya leza na upasuaji, miaka mitano baadaye, hapakuwa na pengo la maana. Leza iliwarudisha watu kazini mapema. Mtu anayefikiria kuuza kiwanja asafiri kwenda India kutafuta leza, wakati hospitali ya rufaa iliyo karibu inafanya upasuaji huu vizuri, afikirie namba hizo kwanza.

Ninachokipinga ni kitu kingine: sindano zinazochomwa kwenye matawi yanayoonekana bila kupima safena. Zina bei ndogo, na kwa miezi michache mguu unapendeza. Lakini ni kupiga deki huku bomba linamwaga. Matawi mapya yatajitokeza, na mgonjwa atalipa tena.

Kidonda ndugu

Kidonda cha juu ya kifundo upande wa ndani, kinachopona na kurudi kwa miaka, huhusishwa na kisukari, kurogwa au kukanyaga kitu kibaya. Mara nyingi ni shinikizo la vena. Ngozi imekaa miaka ikiwa imejaa maji na protini za damu, inakosa lishe, na mkwaruzo mdogo tu unaifungua. Kuosha na kubadilisha dawa za kupaka bila kushughulikia shinikizo hakumalizi kazi. Kinachofunga kidonda hiki ni bendeji za tabaka kadhaa zilizofungwa kwa kukaza, baada ya kuhakikisha ateri ni nzima.

Na kinachokizuia kisirudi ni kufunga safena. Jaribio la ESCHAR, lililochapishwa mwaka 2004, lilionyesha kuwa katika miezi 12 vidonda vilirudi kwa asilimia 28 ya waliofungwa bendeji peke yake, na kwa asilimia 12 ya waliopasuliwa pia. Mwaka 2018 jaribio la EVRA, lenye wagonjwa 450, likauliza kama vena ifungwe mapema, ndani ya wiki mbili, badala ya kungoja kidonda kipone kwanza. Waliotibiwa mapema vidonda vyao vilipona kwa wastani wa siku 56, wengine siku 82. Tabia ya kumwambia mgonjwa “kidonda kikauke kwanza ndipo tuangalie mishipa” imepitwa na wakati.

Si kila kidonda cha kifundoni ni cha vena, hata hivyo. Selimundu huleta vidonda mahali palepale kwa vijana. Na kidonda kilichokaa miaka mingi, kingo zake zikaanza kunyanyuka au kutoa harufu tofauti, kikatwe kipande kipimwe saratani.

Yasiyofaa kufanywa

Kupiga chuku au kuchanja juu ya vena iliyovimba ni kutafuta balaa, kwa sababu shinikizo lililo ndani yake mtu akiwa amesimama linatosha kumwaga damu nyingi kupitia tundu dogo. Hata bila wembe, ngozi iliyokonda juu ya fundo inaweza kupasuka bafuni, na watu wamekufa kwa kubaki wamesimama wakitafuta kitambaa. Alale chini palepale, mguu uinuliwe juu kuliko moyo, na pabanwe kwa kidole au kitambaa bila kuachia kwa dakika kumi au zaidi. Damu hukoma. Kufunga kamba juu ya goti hakusaidii, na kukifungwa vibaya huongeza damu.

Vena iliyogeuka kuwa kamba ngumu, nyekundu na yenye maumivu isikandwe kwa maji moto na mafuta kwa nguvu. Ndani yake kuna donge, na likiwa karibu na kinena linahitaji dawa za kuzuia damu kuganda. Mguu mmoja ukivimba wote ghafla, au kifua kikibana na pumzi kukatika baada ya mguu kuuma, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Zikirudi

Hakuna tiba kati ya hizi inayokuja na ahadi ya maisha. Vena zinaweza kurudi kwa sababu tawi liliachwa, kwa sababu iliyofungwa imefunguka, au kwa sababu urithi uliozilegeza za kwanza unazilegeza na nyingine. Aliyetibiwa apimwe tena kwa altrasaundi wiki chache baadaye. Mwanamke anayetarajia kuzaa tena anaweza kusubiri, kwa kuwa mimba huzitanua na nyingi hunywea zenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua, hivyo kupima kabla ya muda huo ni kupima hali ya kupita.

Kuna wanaokataa kufungwa safena kwa sababu wamesikia kwamba siku moja moyo wao unaweza kuihitaji. Habari hiyo ina ukweli: katika upasuaji wa kuzungusha damu kwenye ateri za moyo zilizoziba, madaktari huchukua safena ya mguuni na kuipandikiza. Huchukua iliyonyooka, yenye upana wa wastani na ukuta imara. Iliyotanuka na kuvuja kiasi cha kuhitaji tiba kwa kawaida haifai kazi hiyo, na safena ya mguu mwingine, kama ni nzima, haiguswi.